Feri Haijafika: Mwongozo wa Salsa ya Ukumbini kwa Mtu wa Mombasa

Salsa ninayoieleza hapa ni ile ya ukumbini, isiyo na majaji, isiyo na mavazi ya kumetameta wala mpangilio uliokaririwa. Watu hutoka bandarini, dukani na maofisini, wakakutana jioni mahali penye muziki na sakafu nzuri. Mmoja humwomba mwenzake wimbo, wakacheza dakika nne au tano bila kupanga lolote, wakashukuriana, kila mmoja akaenda kutafuta mwingine. Nimeicheza hapa Mombasa kwa miaka 11, mwanzoni vibaya, baadaye vibaya kidogo, na mwongozo huu ninamwandikia yule ambaye amekuwa akitazama kutoka kitini huku mguu wake ukitikisika chini ya meza.

Niseme mapema ninachoamini. Mtu aliyekulia Pwani hana shida ya mdundo. Amesikia chakacha harusini, taarabu barazani na saksafoni ya Mzee Ngala katika bango, muziki wa dansi wa Pwani, tangu hajajua kusoma, na mwili wake unazijua ngoma kuliko anavyodhani. Shida yetu ni haraka. Salsa ina mahali pa kunyamaza, na hapo ndipo karibu sote tunapojikwaa.

1. Sikiliza kabla hujasimama

Jipe wiki nzima ya kusikiliza tu. Muziki wa salsa huhesabiwa kwa mapigo manane, yaani vipande viwili vya mapigo manne manne. Mguu hutua kwenye moja, mbili na tatu, hunyamaza kwenye nne, kisha hutua tena kwenye tano, sita na saba, na kunyamaza kwenye nane. Kwenye karatasi jambo hili ni rahisi mno; tatizo ni kwamba nyimbo nyingi zina mapigo kati ya 160 na 220 kwa dakika, na sikio lisilozoea husikia rundo la vyombo vinavyogombana.

Dawa yake ni kuchukua wimbo mmoja na kuusikiliza mara nne. Mara ya kwanza fuata kengele peke yake, ile inayogongwa kwa kijiti wimbo unapochangamka na waitikiaji wanapoanza kurudia kiitikio. Mapigo yake mazito huangukia moja, tatu, tano na saba, kwa hiyo ukipotea, ishikilie hiyo. Mara ya pili fuata klave, vile vijiti viwili vya mbao vinavyogonga mara tano katika hesabu nane. Katika mpangilio wa tatu kwa mbili, vijiti hugonga kwenye moja, katikati ya mbili na tatu, kwenye nne, kisha sita na saba. Uigonge mezani kwa kidole mpaka watu wa nyumbani walalamike.

Mara ya tatu sikiliza konga, ile ngoma ndefu inayopigwa kwa viganja, na hapa nakuomba usifanye haraka. Mpiga konga huchapa kofi kavu kwenye mbili na sita, lakini sauti zake za wazi, zile mbili nene zinazosikika kama "ku-dum", huziachilia kwenye nne na kwenye nane. Zitazame hesabu hizo tena: ni zile zile ambazo mguu umeambiwa unyamaze. Mguu unapotulia, ngoma ndiyo inayosema, na anayekanyaga hapo amemkatiza msemaji. Mimi niliambiwa "pumzika kwenye nne" kwa miezi mingi bila kujua sababu, nikadhani ni sheria ya mwalimu tu. Ningeonyeshwa ile konga siku ya kwanza, ningeokoa nusu mwaka.

Mara ya nne sikiliza sauti ya mwimbaji na ufurahi.

Huenda ukahisi kwamba muziki huo unaufahamu, na utakuwa hujakosea. Salsa ilipata jina na umbo lake New York katika miaka ya 1960 na 1970, mikononi mwa wanamuziki wenye asili ya Puerto Rico na Kuba, na kampuni ya santuri ya Fania, iliyoanzishwa mwaka 1964 na Johnny Pacheco na Jerry Masucci, iliisambaza kila upande. Lakini mzizi wake mkubwa ni son, mtindo wa muziki wa Kuba, na ndani ya son mna ngoma zilizovuka bahari pamoja na Waafrika waliouzwa utumwani. Baadaye santuri za Kuba zilirudi barani kwetu, zikachangia kuzaliwa kwa rumba ya Kongo, na huko Morogoro Salum Abdallah akaongoza bendi iliyoitwa Cuban Marimba. Bendi ya Fania All-Stars na mwimbaji Celia Cruz wa Kuba walipopiga muziki Kinshasa mwaka 1974, ilikuwa kama jamaa aliyepotea siku nyingi kurudi kusalimia ukoo.

2. Ifundishe miguu nyumbani

Simama wima, magoti yamelegea kidogo. Anayeongoza hutoa mguu wa kushoto mbele kwenye moja, huinua na kutua kulia pale pale kwenye mbili, hurudisha kushoto katikati kwenye tatu, kisha hunyamaza kwenye nne. Kwenye tano mguu wa kulia huenda nyuma, kwenye sita kushoto hutua pale pale, kwenye saba kulia hurudi katikati, na nane ni kimya. Anayefuata hufanya kinyume chake kama kioo: kulia nyuma kwenye moja, kushoto pale pale, kulia katikati, kisha kushoto mbele kwenye tano, kulia pale pale, kushoto katikati.

Kama nyumba yako ina vigae vya sentimita 30, umepata mwalimu wa bure. Hatua yako isizidi urefu wa kigae kimoja. Anayepiga hatua za vigae viwili hatawahi muziki unapokwenda kasi, na ukumbini atamkanyaga jirani.

Kuhusu kiuno, wanawake waliokulia kwenye chakacha na wanaume waliojifunza kwa kuwachungulia hukutana na jambo la kushangaza. Katika chakacha kiuno hutumwa chenyewe. Leso hufungwa nyongani, na mchezaji hukizungusha hata kama miguu imetulia. Katika salsa kiuno hakitumwi. Goti moja hukunjika, jingine hunyooka, uzito huhama kutoka mguu hadi mguu, nacho kiuno hufuata kwa sababu hakina pengine pa kwenda. Ukikisukuma kwa makusudi, utachelewa kufika kwenye hesabu inayofuata. Jaribu mbele ya kioo polepole, bila muziki: hamisha uzito wote, mpaka uweze kuinua ule mguu mwingine bila kuyumba.

Dakika 15 kila siku zinashinda saa mbili za Jumamosi. Nami sijapata mahali pazuri pa kufanyia mazoezi ya hesabu kuliko feri ya Likoni, umesimama kwenye umati, huwezi kwenda mbele wala nyuma, ukibadili uzito ndani ya viatu pasipo mtu kujua.

3. Usibabaishwe na mitindo

Utasikia watu wakibishana. Mtindo wa Los Angeles huanzia kwenye moja, na wachezaji hukaa kwenye mstari mmoja ulionyooka. Mtindo wa New York, ambao Eddie Torres aliufundisha kwa wengi, hubadili mwelekeo kwenye mbili na sita. Wacuba huzungukana kwa duara, na wanapokuwa wengi hufanya rueda, ambapo mtu mmoja huita majina ya mizunguko na jozi zote hutii kwa pamoja. Akiita "dame", yaani "nipe", kila mmoja huhamia kwa mwenzi wa jirani. Anza na mtindo unaofundishwa karibu na kwako, ambako nauli ya tuktuk haitakuumiza. Ubishi uwaachie wenye muda.

4. Jiandae kwa jasho

Sura hii haipatikani kwenye video za walimu wa Ulaya, na ndiyo inayomhusu zaidi mchezaji wa Mombasa. Tangu Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma na usiku hautaki kupoa, mtu hulowa kabla ya wimbo wa pili kwisha. Beba shati au fulana tatu. Beba taulo ndogo ya uso, na uitumie kila baada ya wimbo, hasa viganja na vifundo vya mikono, kwa sababu kiganja kinachoteleza ndicho humwangusha mtu kwenye mzunguko. Pamba nyepesi inafaa. Kitambaa cha nailoni kitakupika. Ukibadilisha shati mara mbili kwa usiku mmoja, hakuna atakayekucheka, bali watu watakukumbuka kwa wema.

Oga kabla ya kuja, hata kama umetoka kuoga kazini. Paka dawa ya kwapa. Kisha, ndugu yangu, punguza udi na marashi. Najua kwamba kwetu mtu hatoki bila kujifukiza, na harufu hiyo kwenye harusi ni heshima, lakini jasho likichanganyika na mafuta mazito ya uturi umbali wa shubiri moja kutoka puani mwa mwenzako, anahesabu mapigo nane kwa kushikilia pumzi. Kikuba cha asumini hupendeza sana kifuani mpaka mzunguko wa tatu, ambapo maua hutawanyika sakafuni, na ua bichi juu ya kigae huteleza kama ganda la ndizi. Hina mbichi nayo isubiri ikauke na kubanduliwa. Nina shati jeupe lenye nusu ya ua la hina begani, na nimechoka kulieleza nyumbani.

Vua saa, bangili na pete zenye vito. Nywele ndefu zifungwe, maana msuko uliotiwa shanga ukizungushwa kwa kasi huwa mjeledi.

Viatu viwe na soli inayokubali kuzunguka. Soli ya ngozi ndiyo bora. Raba hushika sakafu, mwili ukageuka na goti likabaki, na goti likishaumia halisahau. Fundi viatu mzuri anaweza kubandika ngozi nyembamba chini ya viatu ulivyo navyo, na hilo kwa maoni yangu linashinda kuagiza viatu vya gharama katika mwaka wa kwanza. Kwenye sherehe za ufukweni cheza hatua za msingi tu na usizunguke mchangani, kwa sababu ile ile ya goti. Poda inayomwagwa sakafuni ili watu wateleze vizuri naichukia. Humfaidi mmoja na kuwahatarisha kumi.

5. Omba wimbo kwa adabu

Msogelee unayemtaka, umtazame usoni, unyooshe mkono kiganja kikiwa juu, useme: "Dada, waweza kunipa wimbo huu?" Usimvute kutoka kitini, usimwashirie kwa kidole kutoka mbali kama unayeita bodaboda. Wanawake nao waombe. Kungoja kuombwa usiku mzima ni desturi iliyobaki bila sababu, na wachezaji wazuri wa kiume wengi ni waoga kuliko wanavyoonekana.

Ukimkuta mke na mumewe, msalimu mume, kisha muombe mke. Wapo wanaume wanaomwomba ruhusa mume kana kwamba mke hana kinywa, na sikubaliani nao. Salamu ni heshima inayotosha. Jibu ni la mwenye miguu.

Akikuambia, "Ngoja nipumue kwanza, kaka yangu," sema, "Haya, dada, baadaye," uondoke ukitabasamu. Usiulize sababu. Huenda kisigino kimemchubuka, huenda wimbo haupendi, huenda hataki tu, na lolote kati ya hayo linatosha. Kwa upande wake, aliyekataa wimbo huo hapaswi kuinuka na mtu mwingine wimbo ule ule ungali unapigwa. Huo ndio utaratibu wa wacheza salsa popote nilipopata kucheza, na unazuia kinyongo kingi.

Umbali wa miili ni mapatano. Mombasa ina watu wanaokumbatiana na watu ambao mkono mmoja tu unawatosha, na salsa inachezeka vizuri sana kwa kushikana mikono huku mwanga ukipita katikati. Anayekuja mwenye heshima zake za dini amekuja kucheza, hakuja kujadiliwa. Dijei akibadili akaweka bachata ya Jamhuri ya Dominika au kizomba ya Angola, ambazo huchezwa kwa ukaribu zaidi, omba upya. Aliyekubali salsa hajakubali hizo. Na mwezi wa Ramadhani wengi hupumzika, kwa hiyo usimshangae mwenzako wa kila wiki akitoweka mpaka baada ya Idi.

Wimbo mmoja au miwili inatosha. Mshukuru, mrudishe alipokuwa, usimng'ang'anie.

6. Ongoza kidogo, fuata kwa kusubiri

Mwaka wangu wa pili nilikuwa nimejifunza mizunguko kama ishirini, na kila niliyecheza naye ilibidi aione yote. Usiku mmoja nilimwomba mama mmoja wa makamo, aliyevaa gauni refu la maua na viatu vya kisigino kifupi, ambaye nilidhani namfanyia hisani. Nikamzungusha kulia, nikamzungusha kushoto, nikampitisha chini ya mkono, nikamrudisha. Katikati ya wimbo akasimama wima, mkono wangu ukiwa bado hewani, akaniambia kwa upole kabisa: "Mwanangu, wanikimbiza wapi? Feri haijafika."

Nikasimama pia, kwa aibu. Akaniambia tucheze hatua za msingi tu. Tukacheza. Kwenye nne miguu ikatulia, konga ikasema "ku-dum", naye akaijibu kwa bega moja, kidogo tu, kama mtu anayeitikia hodi. Kwenye nane akaijibu kwa bega la pili. Nilikuwa nimecheza salsa miaka miwili, na ile ndiyo mara ya kwanza nilipoisikia ngoma nikiwa nimemshika mtu.

Kwa mwenye kuongoza, basi, funzo la kwanza ni wakati. Ukitaka kumzungusha mwenzako upande wa kulia, mkono wako wa kushoto huanza kuinuka kwenye tatu, unafika juu ya kichwa chake kwenye nne, naye huzunguka kwenye tano, sita na saba. Ile nne ndiyo nafasi ya ujumbe kufika. Ukiinua mkono kwenye tano, umemwarifu mtu safari wakati chombo kimeshang'oa nanga, na itabidi umkokote. Mkono uwe mlingoti wa yeye kuuzunguka. Usimkoroge kama uji. Vidole vyako viwe ndoana laini na kidole gumba kisibane, maana kinachobanwa hakizunguki, na kifundo cha mkono wa mtu si kifuniko cha chupa.

Kwa mwenye kufuata, kazi ngumu zaidi ni kutobahatisha. Wanaojua sana ndio wanaougua ugonjwa huu: wanahisi mzunguko unakuja, wanauanza kabla ya kuitwa, na anayeongoza anabaki kumfuata mwenziwe kama mlinzi. Maliza hatua yako, weka uzito wote kwenye mguu mmoja, subiri. Mkono usiwe kamba iliyolegea wala gogo. Uwe na mvutano mdogo kiasi kwamba ukisukumwa kidogo mwili mzima unajua. Usipoitwa popote, una nne na nane zako za kupamba kwa bega, kwa mkono au kwa ncha ya kiatu, na hapo hakuna anayekuongoza.

Kila mmoja ajifunze upande wa mwenziwe walau kwa mwezi mmoja. Mimi nilipojifunza kufuata ndipo nilipogundua jinsi wanaume tunavyobana vidole.

7. Walinde walio pembeni

Ukumbi ukijaa, viwiko karibu na mbavu, hatua nusu kigae, na mizunguko mikubwa iahirishwe. Kabla ya kumpeleka mwenzako popote, tazama huko anakokwenda, kwa sababu yeye anakupa mgongo kwa imani. Nilisahau hilo mara moja, nikamzungusha dada mmoja moja kwa moja hadi kwenye sinia la mhudumu, na juisi ya ukwaju ikamwagikia shati la mtu aliyekuwa amekaa zake kimya. Hakuna mwingine wa kulaumiwa ila mimi. Nilimlipia dobi.

Ukimkanyaga mtu, simama, sema pole, hakikisha yu salama, kisha endelea. Usipite katikati ya wachezaji na glasi mkononi. Usimfundishe mtu katikati ya wimbo asipokuomba. Darasa lina siku yake.

8. Vizoee vituko

Utabadilika, na walio karibu nawe wataona kabla yako. Utahesabu mapigo ya wanaotwanga kinu. Utasimama foleni ya matatu ukirudi nyuma kwenye tano na kumkanyaga mwenye kikapu. Kila sakafu mpya utaipima kwa kisigino: ukumbi wa benki, varanda ya shemeji, hata hospitali. Utawajua watu mia kwa mikono yao na usiyajue majina yao, ukakutana na mmoja Mwembe Tayari mchana kweupe, kila mmoja akijaribu kukumbuka huyu ni nani, mpaka mtakaposhikana mikono ndipo mtakapokumbuka.

Utagundua pia kwamba ukumbi una jiografia yake. Chini ya pangaboi ndiko watu wote wanakosongamana, na jozi zinazojua zinafika mapema, zinasogea kigae kimoja kimoja, mpaka zimepata upepo, kisha hazihami tena. Ukipata nafasi hapo, cheza wimbo mmoja, uwaachie wengine.

Kuna usiku ambao hakuna kitu kitakachokaa sawa. Hesabu inakukimbia, mwenzako anakukanyaga, unamkanyaga. Kunywa maji, kaa wimbo mmoja, kisha muombe mtu anayeanza kabisa na mcheze hatua za msingi kwa utulivu. Mara nyingi mwili hurudi.

Kurudi nyumbani panga mapema na mwenzako wa njia moja, hasa kama unavuka, na umwambie dereva unakokwenda kabla ya kupanda. Ukifika, loweka mashati usiku ule ule, maana jasho la kaskazi likilala kwenye kitambaa halitoki. Miguu itie kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na chumvi. Viatu usivianike juani asubuhi, kwa sababu ngozi itakakamaa na soli itabanduka. Vijaze karatasi za gazeti, uviweke kivulini penye upepo, na uibadilishe ile karatasi mara moja kabla ya kwenda kazini.